Mafaili ya Movie Maker aliyoyaacha baba

Swali: "Habari za kazi, kaka. Marehemu baba yetu alipenda sana kamera. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010 alikuwa akitupiga video nyumbani Tanga kwa kamera ndogo ya kanda za MiniDV, kisha anahariri mwenyewe kwa Movie Maker kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows XP. Juzi nimepata flashi yake yenye mafaili tisa, yana majina kama 'Idi 2007', 'Harusi ya Shangazi' na 'Bibi Pangani'. Yote yanaishia na .MSWMM, na hakuna linalozidi KB 300. Nikibofya kwenye laptopu yangu ya Windows 11, inaniambia nichague programu ya kufungulia, na hakuna inayokubali. Fundi wa kwanza alisema yameliwa na virusi. Wa pili anataka laki mbili ayageuze kuwa MP4. Nimejaribu tovuti mbili za kugeuza mafaili bure, zimekataa. CPU ya zamani ipo stoo, haijawashwa tangu baba afariki mwaka 2013. Mama ana umri wa miaka 74 na anachotaka hasa ni kumsikia bibi akiongea. Je, kuna matumaini, au nimwambie tu kwamba zimepotea?"

Pole sana, dada, kwa msiba wa baba, hata kama miaka imepita. Tafadhali usimwambie mama kwamba zimepotea. Hulijui hilo bado, na mafundi wale hawalijui, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyekwisha kutazama mahali video zilipo. Mafaili uliyonayo huenda ni mazima kabisa. Shida ni kwamba ndani yake hamkuwahi kuwa na video.

Angalia ukubwa wake, maana umenipa jibu mwenyewe bila kujua. Video ya MiniDV ikiingizwa kwenye kompyuta kama ilivyo kwenye kanda hula takriban MB 3.6 kwa kila sekunde, yaani karibu GB 13 kwa saa moja. KB 300 hazitoshi hata sehemu ya kumi ya sekunde moja. Faili la .MSWMM ni daftari la fundi cherehani: limeandikwa vipimo, kata hapa, shona pale, ila kitambaa kiko mahali pengine. Baba alipokuwa anabofya kuhifadhi kazi yake, Movie Maker iliandika mambo kama haya: chukua faili fulani kutoka folda fulani, anza sekunde ya 12, ishia sekunde ya 47, weka maandishi haya juu yake, kisha ingiza wimbo huu. Video zenyewe zilibaki pale pale zilipokuwa, kwenye diski ya ile kompyuta ya stoo.

Ndiyo maana tovuti zile zilikataa, na zingine zote zitakataa. Hakuna tovuti inayoweza kutoa MP4 kutoka kwenye faili ambalo halina picha wala sauti. Yule anayetaka laki mbili pengine hana nia mbaya, huenda ameona tu neno "Movie" akadhani ni aina ya video, lakini kwa hayo mafaili tisa peke yake hataweza kukupa kitu. Usimlipe. Kuna tahadhari nyingine ya karibu na hiyo. Microsoft iliacha kuigawa Movie Maker tarehe 10 Januari 2017, na mwaka huohuo kampuni ya usalama ya ESET ilionya juu ya Movie Maker bandia iliyosambaa sana kwa sababu watu walikuwa wakiitafuta kwenye intaneti. Programu hiyo ilimwacha mtu ahariri mpaka mwisho, kisha ikamdai pesa ili ahifadhi kazi yake. Ukikutana na "Movie Maker ya bure" ya kushusha kutoka tovuti usiyoijua, iache.

Kuhusu virusi, fundi wa kwanza amekosea juu ya mafaili, lakini amegusa jambo linalofaa kukaguliwa. Miaka ile flashi zetu zilisumbuliwa mno na virusi vilivyoficha mafaili halisi na kuacha njia za mkato. Basi bofya flashi kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, usome nafasi iliyotumika. Kama inasema GB 3 zimetumika wakati unachokiona ni mafaili tisa ya jumla ya MB 2, kuna vitu vimefichwa humo. Nenda kwenye menyu ya kutazama ya Windows, ruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, kisha kwenye mipangilio ya folda ruhusu na mafaili ya mfumo. Nimeona video nzima za familia zikitokea namna hiyo, kwenye flashi ambazo zilikuwa tayari kutupwa. Kama nafasi iliyotumika inalingana na unachokiona, songa mbele, flashi imemaliza kazi yake. Inakili kwanza kwenye laptopu yako, nakala hiyo ndiyo utakayoichezea.

Sasa tusome daftari. Faili la .MSWMM halikuandikwa kwa maandishi ya kawaida, ukilifungua kwa Notepad utaona takataka nyingi. Lakini katikati ya takataka hizo kuna mistari inayosomeka, ingawa herufi zake zimeachana, na hiyo mistari ni anwani za video. Njia safi zaidi ni programu ndogo ya bure ya Microsoft iitwayo Strings, iliyomo kwenye mkusanyiko wa Sysinternals. Inachuja kila kinachosomeka ndani ya faili na kukitoa kama orodha. Ukiiendesha kwa faili la "Bibi Pangani", utakachopata kitafanana na hiki:

C:\Documents and Settings\Baba\My Documents\My Videos\pangani kanda 2.wmv

Mstari mmoja wa namna hiyo unakwambia mengi. Unajua video ilikuwa kwenye diski C na si kwenye diski ya nje. Unajua folda, na unajua jina la faili la kutafuta. Mwisho wa .wmv unakwambia kwamba baba aliibana video wakati anaiingiza kutoka kwenye kamera, ingekuwa .avi ungetegemea faili kubwa lenye ubora wa kanda yenyewe. Na kama anwani inaanza na E au F, jiandae kutafuta diski ya nje au flashi nyingine ndani ya nyumba. Fanya hivyo kwa mafaili yote tisa, uandike orodha.

Utaona pia maneno ambayo hayahusiani na folda yoyote. Hayo yatakuwa maandishi ambayo baba aliyaandika juu ya video: kichwa cha mwanzo, majina ya watu, labda dua ya mwisho. Vichwa hivyo huhifadhiwa ndani ya daftari lenyewe, kwa hiyo hata video zikikosekana zote, maneno yake unayo tayari leo.

Angalia hasa kama orodha ina folda iitwayo Narration. Movie Maker ya XP ilikuwa na sehemu ya kurekodi maelezo kwa maikrofoni huku video ikicheza, na maelezo hayo yaliwekwa kama mafaili ya sauti ya .wma kwenye folda ya jina hilo ndani ya My Videos. Watu wengi wanaotafuta video za wazazi wao huipita folda hiyo kwa sababu haina picha. Kama baba alisimulia safari ya Pangani kwa sauti yake, sauti hiyo iko pale na haiko kwenye kanda yoyote. Umeniambia mama anataka kumsikia bibi. Huenda akamsikia na baba.

Twende stoo. Najua kishawishi ni kuibeba CPU, kuipangusa vumbi na kuichomeka uone kama itawaka. Naomba usifanye hivyo. Diski iliyokaa miaka kumi na zaidi katika joto na unyevu wa Tanga inaweza kuwa na nguvu ya kuzunguka mara chache tu, nawe hutaki mara hizo zitumike kuwasha Windows XP, ambayo kila inapowaka huandika vitu vyake kwenye diski, wakati mwingine juu ya nafasi ya mafaili yaliyofutwa ambayo bado yangeweza kuokolewa. Pawa saplai ya zamani nayo haiaminiki, na umeme wetu unaporukaruka inaweza kuua diski iliyokuwa nzima.

Fungua kava la pembeni, utoe diski. Ni boksi la chuma la ukubwa wa kitabu kidogo cha sala, limeshikwa na skrubu nne, na lina waya mbili nyuma. Tazama waya wa data kabla ya kuuchomoa. Ukiwa mpana na bapa kama utepe, hiyo ni diski ya IDE yenye pini 40. Ukiwa mwembamba, ni SATA. Madukani Kariakoo au hapo Tanga mjini uliza adapta ya IDE na SATA kwenda USB, ile inayokuja na chaja yake, kwa sababu diski kubwa za kompyuta za mezani zinahitaji volti 12 ambazo tundu la USB la laptopu halitoi. Adapta isiyo na chaja itakufanya uamini kwamba diski imekufa.

Ukiichomeka, tega sikio. Mlio laini wa kuzunguka ni dalili njema. Ukisikia tak, tak, tak kwa mapigo yanayofuatana, au mkwaruzo, chomoa umeme hapohapo, nitarudi kwenye jambo hilo. Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati diski, jibu ni hapana, hata ikiuliza mara ngapi. Na ikikwambia huna ruhusa ya kuingia folda ya baba, usiikubalie kwa haraka, maana ukikubali inaanza kubadilisha ruhusa za mafaili yaliyo kwenye diski yenyewe.

Kitu cha kwanza kufanywa na diski hiyo ni nakala nzima, ya kila sehemu hadi zile zinazoonekana tupu, iingie kwenye diski mpya iliyo kubwa kuliko ya baba. Mimi natumia ddrescue, programu ya bure ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Inasoma kwanza sehemu zilizo salama, inaandika ramani ya zilizogoma, kisha inazirudia polepole. Kama Linux huijui, hapa ndipo ninapoona inafaa kumlipa fundi, na kazi ya kumpa itamke hivi: "Nitolee taswira, yaani nakala kamili, ya diski nzima, usiiwashe Windows iliyomo, usifomati, usirekebishe makosa." Akikujibu kwamba ataanza kwa kuirekebisha diski kwa programu ya Windows ya kukagua makosa, mshukuru uondoke na diski yako. Programu hiyo inaandika juu ya diski, na diski dhaifu haitaki kuandikwa.

Nakala ikiwa tayari, rudi kwenye orodha yako uzitafute video kwa majina. Fungua kwa VLC, ambayo inacheza karibu kila kitu cha zama zile: WMV, AVI, mafaili ya .3gp ya simu, hata .DAT ya VCD. Na hapa, dada, simama kidogo ufikirie mama anataka nini. Kama "pangani kanda 2.wmv" inacheza, bibi ameshapatikana. Huihitaji Movie Maker tena kwa ajili ya sauti yake. Tena kwenye video ghafi atakuwa anaongea zaidi kuliko kwenye kazi iliyohaririwa, kwa sababu baba, kama kila mhariri, alikata: alikata bibi akitafuta miwani, akimwita mtu wa jikoni, akiuliza kama kamera imeshaanza. Mimi ningempelekea mama hiyo kwanza, siku hiyohiyo, kabla ya kushughulika na mengine yote.

Kuirudisha kazi ya baba kama alivyoipanga ni hatua ya pili, na inafaa kuifanya kwa sababu mpangilio ule ni mkono wake. Programu za leo hazitakusaidia. Clipchamp inayokuja na Windows 11, Shotcut, Kdenlive, DaVinci Resolve, hakuna inayosoma .MSWMM. Inayotegemewa ni Movie Maker ileile ya XP, na mahali salama pa kuiendesha ni kompyuta pepe, yaani Windows XP inayofanya kazi ndani ya dirisha kwenye laptopu yako kwa programu ya bure kama VirtualBox. Utahitaji CD ya XP na namba ya leseni. Tazama ubavuni mwa CPU ya baba, stika yenye namba hiyo mara nyingi bado imebandikwa pale. Usiunganishe XP hiyo na intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na kazi hii haihitaji mtandao.

Kuna ujanja mmoja unaookoa siku nzima. Unapoweka XP, mpe mtumiaji jina lilelile lililomo kwenye anwani ulizozisoma, kisha panga video kwenye folda zilezile kwa majina yaleyale, usibadilishe hata nafasi kati ya maneno. Ukifungua "Bibi Pangani", Movie Maker itakwenda kwenye anwani ilizoandikiwa na kukuta kila kitu mahali pake. Kipande ambacho faili lake halipo huwekewa alama nyekundu ya X. Kibofye kwa kitufe cha kulia, uchague amri ya kutafuta faili lililopotea, uionyeshe lilipo. Kama kilichokosekana ni wimbo, unaweza kuutafuta tena, ila uwe ni rekodi ileile. Wimbo mmoja wa taarabu unaweza kuwa na rekodi za urefu tofauti, na tofauti ya sekunde kumi inatosha kufanya vigelegele vya maharusi viangukie mahali ambapo baba hakuvikusudia.

Kabla ya kutoa video iliyokamilika, ingia kwenye mipangilio uhakikishe umechagua PAL, mfumo uliotumika kwetu: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Ukiacha NTSC, ule mfumo wa Marekani, mwendo utagomagoma. Ikiwa chanzo kilikuwa .avi cha kamera, toa kwa DV-AVI, aina ileile ya faili la kamera, usipoteze ubora, kisha nje ya XP igeuze MP4 kwa programu ya bure ya HandBrake, ukiwasha kichujio cha kuondoa mistari ya mlalo inayoonekana watu wakitembea haraka. Kama chanzo ni .wmv ndogo, kubali udogo wake. Kuna programu za akili bandia zinazoahidi kuifanya video ya zamani iwe kali kama ya leo. Kwa miti na nyumba sina neno. Kwa sura ya bibi nakusihi usizitumie kwenye nakala ya kuhifadhi, kwa sababu mahali palipo na ukungu programu hizo hubuni macho na midomo, na mama atajua kwamba huyo siye mama yake.

Kuna lingine la kukueleza waziwazi. Kompyuta nyingi za nyumbani za miaka ile zilikuwa na diski za GB 40 au 80. Mtu anayeingiza kanda kwa ubora kamili alikuwa akijaza diski kwa kanda tatu hadi sita, kwa hiyo wengi walifuta video ghafi mara tu kazi ilipokwisha. Unaweza kufika kwenye folda ya My Videos ukaikuta imebaki tupu. Ikiwa hivyo, fundi aliyeshika ile taswira ya diski ajaribu PhotoRec, inayotafuta mafaili yaliyofutwa kwa kutambua umbo la data yake. Majina yatakuwa yamepotea, na video ndefu zinaweza kurudi zikiwa zimekatikakatika, lakini kwa diski ambayo haijaguswa tangu 2013 nafasi si mbaya. Ndiyo sababu nilikuomba usiiwashe.

Na hapo ndipo kanda zinapokuwa muhimu kuliko kompyuta. Umesema kamera ilikuwa ya MiniDV. Kanda hizo ni ndogo kuliko boksi la kiberiti kikubwa, za dakika 60, na kwa bei yake wengi walizirudia kurekodi juu yake, ila wengine walizitunza zote kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Tafuta. Ukizipata, ukingoni mwa kila kanda kuna kiswichi chenye maandishi REC na SAVE, kisukume upande wa SAVE kabla ya kufanya chochote, ili kamera isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha mulika tochi kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au wa kijivu kwenye kingo za utepe, hiyo ni koga, na Pwani ni ya kawaida kabisa. Kanda yenye koga haiingizwi kwenye kamera. Itachafua kichwa cha kusomea, itaambukiza kanda zinazofuata, na utepe wenyewe unaweza kukatika.

Kanda safi inaingizwa kwa waya wa FireWire, ikiwa kamera ya baba bado inafanya kazi, na kompyuta yenye tundu hilo. Laptopu za leo hazina. Kwa kawaida unatafuta kompyuta ya mezani ya zamani au unakwenda kwa mtu anayehamisha kanda. Saa moja ya kanda inachukua saa moja kuihamisha, hakuna kuharakisha. Waya wa njano, mwekundu na mweupe unaokwenda kwenye kidude cha USB cha kunasa video utafanya kazi pia, kwa ubora pungufu kidogo. Ningeutumia pale tu ambapo FireWire imeshindikana.

Usisahau pia nyumba za ndugu. Movie Maker ya XP haikuweza kutengeneza yenyewe DVD ya kuchezwa kwenye deki. Baba alipotaka shangazi apate harusi yake, ilibidi aitoe kwanza kama faili kamili la .wmv au .avi, kisha aichome kwa programu nyingine kama Nero. Maana yake ni kwamba huenda faili kamili la "Harusi ya Shangazi" liko kwenye diski ileile, na diski ya VCD au DVD iko kwa shangazi mwenyewe, kwenye droo ya chini ya TV. Piga simu. Ikiwa ni DVD, nakili folda ya VIDEO_TS yote. Programu ya MakeMKV itaunganisha vipande vyake bila kuvibana upya. Ikiwa ni VCD, video iko kwenye folda ya MPEGAV, kwenye faili la .DAT. Diski yenye michirizi ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, na ikigoma kwenye laptopu moja jaribu nyingine kabla ya kukata tamaa. Visomaji vinatofautiana sana.

Nilisema nitarudi kwenye diski inayogonga. Diski inayotoa mapigo, iliyoangushwa, iliyoingiwa na maji, au isiyozunguka kabisa, usiiguse tena nyumbani na usimpe fundi wa mtaani aifungue. Kufunguliwa nje ya chumba kisicho na vumbi ndiyo mwisho wake. Kazi hiyo ni ya maabara ya kuokoa data, ni ghali mno kuliko laki mbili, na maabara ya kweli itaikagua na kukwambia bei na uwezekano kabla ya kuanza. Hapo mtakaa kama familia mpime, na ningependa mkae mkiwa mmeshatafuta kanda na diski za ndugu, kwa sababu mara nyingi kilichomo kwenye diski iliyokufa kipo pia kwenye kopo la biskuti. Kanda zenye koga nazo ni za mtu mwenye vifaa vya kuzisafisha. Zifunge kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu, mbali na kanda safi, mpaka umpate.

Kwa fundi yeyote utakayempa kazi hii, kaa naye wakati ananakili kama unaweza, na urudi nyumbani na kila kilichotoka kwenu, pamoja na diski ya zamani. Humo mna harusi, watoto wanaogeshwa, na mama zenu wakiwa bila mitandio. Hayo si ya kubaki kwenye kompyuta ya duka.

Anza na ile orodha ya anwani, ni kazi ya jioni moja na haigharimu kitu. Ukikwama, ninakilie mistari ya faili la "Bibi Pangani" kama ilivyotoka, bila kuisafisha, pamoja na aina ya waya uliyoikuta nyuma ya diski. Kwa hayo mawili nitaweza kukwambia adapta ya kununua na ni wapi hasa pa kutafuta.